Gunia Lililoshonwa na Mama Mwenye Nyumba

Mtu aliyenifundisha kukunja ngumi alikuwa katekista. Alikuwa mzee wa Kimatengo, mkulima wa kahawa, aliyeongoza ibada ya Jumapili kwenye kigango chao kila padri aliposhindwa kufika. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa na kukulia Singida, na nilikuwa mpangaji wake. Yeye na mkewe walinitendea wema ambao mpaka leo sijajua niushukuru vipi, na wema wenyewe ulinifikia kwa kupitia kitu ambacho watu hawakitarajii nyumbani kwa katekista, yaani gunia la kupigia ngumi.

Nilipangiwa Mbinga kuwa mhudumu wa mapokezi katika kituo kimoja cha afya. Sitasema kipi, kwa kuwa wengi niliofanya nao kazi bado wamo kazini. Nilifika na binti yangu wa miaka saba. Baba yake alikuwa amebaki Singida, na ndoa yetu nayo ilikuwa imebaki huko huko, imekwisha. Ilikuwa miezi ya baridi. Nilikuwa nimebeba madera mepesi na kanga, na wiki ya kwanza ikabidi ninunue masweta ya mitumba, mawili yangu na mawili ya mtoto, tukayavaa mpaka kitandani.

Nyumba tuliyopata ilikuwa pembeni ya mji, kwenye mteremko. Mbele waliishi wenyewe, mzee na mkewe. Nyuma, ng'ambo ya ua, kulikuwa na vyumba viwili nilivyopanga mimi, na kando yake banda la mbao lenye mashine ya kumenyea kahawa. Chini ya banda ilianza mikahawa, na baada ya mikahawa yalikuja mashimo ya ngolo, yale wanayochimba Wamatengo kwenye miteremko ili mvua isiwabebee udongo, yamejipanga kama masega ya nyuki hadi kijitoni.

Mama mwenye nyumba alikuwa mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi. Yeye na mumewe waliongea Kimatengo, ila kwangu aliongea Kiswahili cha taratibu, kila neno analiweka mahali pake. Ukimsemesha aligeuza uso kidogo upande, akakutegea sikio la kulia. Mimi nilidhani ni haya. Msimu wa kahawa majirani walimletea magunia yaliyochanika, naye aliyashona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, ameketi kwenye kigoda mlangoni pake.

Kazi yangu ilikuwa dirishani. Mgonjwa anafika, namwandika, namtafutia faili, namwambia aende mlango gani. Kwa maelezo ni kazi nyepesi. Lakini kila kilichokwama ndani kilikuja kulipukia dirishani pale. Daktari kaitwa kwenye dharura, naulizwa mimi. Dawa fulani imekwisha, nimeificha mimi. Mtandao umekatika, nimeukata mimi. Alikuja mzee wa Kitai aliyepanda basi la kwanza asubuhi, akaambiwa kipimo chake hakifanyiki siku hiyo, akanitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Binti, wewe una baba kweli?" Maneno yale yaliniuma kuliko matusi.

Na ndani nako hakukuwa na nafuu. Mganga mfawidhi alikuwa mtu wa haraka, mwenye sauti kubwa, naye kila foleni ilipoanza kupiga kelele alitoka, akanisema mbele ya watu wote. "Wewe ndiye unayewachanganya. Wapange vizuri." Nilijibu, "Sawa, daktari," nikaendelea kuandika.

Siku moja, wakati wa chai, mama wa maabara aliniambia, "Dada, wewe hapa ni kichwa cha mwendawazimu. Kila anayejifunza kunyoa anaanzia kwako."

Mlinzi wa getini, mtu mzima aliyependa sana kutazama masumbwi kwenye televisheni ya kibandani, alikuwa amesimama karibu. Akasema, "Si kichwa. Huyu ni lile gunia la mazoezi. Bondia akikosa wa kumpiga anapiga gunia, na gunia halisemi kitu."

Tukacheka wote, na mimi nikiwemo. Kuanzia hapo jina likanishika. "Gunia, habari za asubuhi?" Nikaitika, "Nzuri, kaka." Hawakuwa na nia mbaya. Nadhani kwao ilikuwa namna ya kunipa pole. Lakini nilianza kuamka taya zikiniuma kwa kusaga meno usingizini, na nikifika nyumbani sikuwa na maneno yaliyobaki kwa mtoto. Nilimwambia ale, nilimwambia aoge, nilimwambia alale. Zaidi ya hayo sikumwambia kitu.

Ijumaa moja foleni ilikuwa ndefu hadi nje. Kijana mmoja alikuwa amemleta mama yake tangu alfajiri. Nilikuwa nimemwandika na nimemwambia asubiri, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeambiwa asubiri. Saa sita na kitu yule mama akaanguka kutoka kwenye benchi. Wakamkimbiza ndani. Kijana akaja dirishani, akanitupia daftari la matibabu usoni. Kona yake ilinipata chini ya jicho. Mganga mfawidhi akatoka, akasikiliza upande mmoja, akaniambia nimwombe radhi kijana yule. Nikasimama, nikamwomba radhi, watu wote kwenye mabenchi wakitazama.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Binti yangu alikuwa uani, amepiga magoti mbele ya beseni, amejaa povu hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameamua kunisaidia. Amefua sare yangu nyeupe pamoja na kanga yangu nyekundu mpya, na sare ilikuwa imegeuka rangi ya waridi, yote, pamoja na kola.

Akaniangalia akitabasamu. Nami nikampiga.

Wazazi wengi wamewahi kumchapa mtoto kofi la makalio, na nikisema nilifanya hivyo watu watanielewa haraka. Lakini sikumchapa. Nilimpiga ngumi begani, na alipoyumba nikampiga ya pili, akaangukia ukingo wa beseni, mdomo ukapasuka. Hakulia mara moja. Alinitazama kwanza, kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

Mzee alikuwa kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, anageuza punje kwa mikono. Aliona yote. Mama mwenye nyumba alitoka ndani, akaja, akamshika mtoto mkono, akamnyanyua na kumpeleka kwake. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wangu na mikono yangu mapajani, nikiitazama. Jioni ilipoanza kuingia alimrejesha mtoto, amekwisha kula, mdomo umesafishwa. Mtoto akapita pembeni yangu, akaenda kulala na sweta lake.

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi, sikuwa na zamu. Nilitoka kuchota maji nikamkuta mzee ananisubiri karibu na bomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

"Salama."

"Hukulala," alisema, bila ukali. "Weka ndoo hapo. Njoo bandani."

Nilimfuata nikijua nakwenda kupewa notisi ya kuhama. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kuomba hata mwezi mmoja. Ndani ya banda, nyuma ya ile mashine, kulikuwa na gunia limening'inizwa kwenye boriti kwa mnyororo. Nilikuwa nimeliona mara nyingi kupitia mlango nikidhani ni mbegu wamezitundika panya wasizifikie.

Mzee alitoa mfukoni vipande virefu vya shuka kuukuu. "Lete mkono," alisema. Akanifunga kuanzia kifundo, akapitisha katikati ya vidole, akarudi kifundoni, akakaza. Alifanya kwa ustadi kama muuguzi. Akafunga na wa pili.

"Piga hilo."

"Baba, mimi nipige gunia?"

"Nani mwingine yuko hapa?"

Nikapiga. Kifundo kikapinda, maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko. Mzee akatikisa kichwa. Akanionyesha jinsi ya kukunja vidole, kidole gumba kikae nje, kifundo kinyooke kama mpini. Akanionyesha kwamba ngumi haitoki begani, inaanzia kwenye kisigino cha nyuma, inapita kiunoni, mkono ni mjumbe tu. Nikapiga tena. Gunia likaenda mbali na kurudi, likanigonga kifua.

"Unasukuma," alisema. "Ukisukuma linakwenda na kurudi kwako. Piga, kisha urudishe mkono upesi kuliko ulivyoupeleka."

Sijui nilipiga kwa muda gani. Nakumbuka kwamba mara moja nilipata sawasawa, na gunia halikwenda mbali, lilijikunja tu katikati likatoa sauti nzito, na mzee akasema, "Hiyo." Baada ya hiyo nikaanza kulia. Nilitegemea aniambie inatosha. Hakuniambia. Alizunguka nyuma ya gunia, akaliegemea kwa bega ili lisiyumbe, akatazama pembeni, akaniacha nipige huku nalia mpaka mikono ikakataa kunyanyuka.

Alinifungua vitambaa taratibu. Nikamuuliza, "Baba, kwa nini una kitu hiki?"

Aliviringisha kitambaa cha kwanza, akaviringisha cha pili. "Hilo kamuulize mama yako," alisema, akaenda kwenye kahawa yake.

Mama mwenye nyumba alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikaketi mkekani mbele yake, nikaanza kuchambua naye. Alinitazama mikono, vifundo vimevimba.

"Amekupeleka bandani."

"Ndiyo, mama. Akasema nikuulize wewe."

Aliendelea kutoa vijiwe kwa muda. Kisha akanisimulia, kwa sauti ile ile ya taratibu, kana kwamba ananieleza njia ya kwenda sokoni.

Mumewe alikuwa askari ujanani, na huko jeshini alikuwa bondia. Alipigania kikosi chake, akakiletea sifa. Alipomaliza muda alirudi Mbinga, wakaoana, wakapanda kahawa. Mwaka wa nne kahawa ilioza ikiwa bado mtini, karibu shamba zima. "Jeshi lilikuwa limekwisha," alisema, "lakini mikono yake ilikuwa haijaambiwa." Siku moja alimuuliza mumewe jambo dogo, watakula nini kesho, na mumewe akampiga. Mara moja tu, upande wa kushoto wa kichwa. "Sikio hili," akaligusa, "tangu siku ile halinisaidii."

Nilishikwa na aibu kwa yale niliyodhani ni haya.

Alirudi kwao. Alikaa miezi miwili. Mumewe akaja na wazee kuomba suluhu, wakazungumza kutwa nzima, na walipomaliza wakamuuliza yeye anasemaje. Aliingia ndani akatoka na gunia. Alikuwa amelishona katika miezi hiyo miwili, magunia mawili ya kahawa, moja ndani ya jingine, mshono juu ya mshono, amelijaza matambara ya ukoo mzima.

"Nikaliweka chini mbele yake," alisema. "Nikamwambia, mikono ikikuwasha, hili hapa. Hili linapigika. Mimi sipigiki. Ukinigusa tena nitaondoka, na gunia utabaki nalo."

"Wazee walisemaje?"

"Mmoja alicheka. Yeye hakucheka. Alilipokea kwa mikono miwili, akalibeba kichwani mpaka hapa, mchana, watu wanamwona."

"Na alilipiga?"

"Eeh. Hilo uliloliona ni la nne. Matatu ameyapasua." Akapepeta ungo, maganda yakaruka. "Lakini nikuambie kitu, mwanangu. Gunia halikumponya. Gunia lilimpa muda tu, ile hasira ya kwanza ipite. Mimi nilikuwa na sharti la pili. Akitoka bandani asiende kuketi peke yake. Aje hapa anieleze ni nini. Mwanzo alikuja akakaa kama jiwe. Nikamngoja. Siku moja akaanza kusema." Aliinua uso, akanigeuzia sikio lake la kulia ingawa nilikuwa sijasema kitu. "Wewe umeshapiga. Sasa nenda ukaseme."

"Kwa nani, mama?"

"Kwa uliyempiga. Utaanzia kwa mwingine?"

Katika malezi yangu mtu mzima hamwombi mtoto radhi. Sikuwahi kuona ikifanyika. Nilimkuta binti yangu chumbani amekunja miguu kitandani, anachora kwenye daftari la shule. Nikaketi sakafuni ili uso wangu uwe chini ya wake. Nikamwambia nilimkosea, kwamba kupiga vile hakukuwa kufundisha, na kwamba sare si kitu.

Aliendelea kuchora. Kisha akasema, "Nilidhani itakuwa nyeupe zaidi."

"Najua."

"Mama, nani alikupiga hapo?" Akanyoosha kalamu kwenye alama iliyokuwa chini ya jicho langu.

Nilitaka kusema nilijigonga mlangoni. Nikakumbuka nilivyoambiwa kwenye ungo wa maharage. Nikamweleza. Nikamsimulia habari za dirisha, na foleni, na daftari, kwa maneno ya mtoto wa miaka saba, na nilipofika kwenye kuomba radhi mbele ya watu nikajifunika uso kwa kanga. Yeye akashuka kitandani, akakaa pajani pangu, mzito na wa moto. Hakusema amenisamehe. Aliuliza kama kesho tutapika wali.

Tangu siku hiyo, baada ya swala ya alfajiri, nilikwenda bandani kwa dakika kumi au kumi na tano kabla ya kujiandaa. Mzee alikuwa ameshaamka kwa sala zake. Mara nyingine alikuja kusimama mlangoni na kikombe cha chai, akanirekebisha mguu, au kidevu. Alinifundisha pia kulitunza gunia. Linapopigwa kila siku vitu vilivyomo vinashuka, juu linakuwa tupu na chini linakuwa jiwe, na jiwe linavunja vidole. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa tulilishusha, tukalimwaga uani, tukalijaza upya kwa matambara yaliyolegezwa na maranda kutoka kwa fundi seremala. Mchanga alikataa kabisa, hata konzi moja. Binti yangu alipenda siku hizo. Alikuwa akiyatambua matambara, akiuliza hili lilikuwa gauni la nani, na mama mwenye nyumba akimtajia, mengine ya watu waliokwisha kufa.

Mama naye hakuniacha. Kila nilipotoka bandani aliniuliza, "Na kazini umesema?" Nikajibu bado. Baada ya siku chache, tena, "Umesema?" Hakuwa na haraka, ila hakusahau.

Nilisema Jumatatu moja. Niligonga mlango wa mganga mfawidhi asubuhi kabla foleni haijajaa. Niliuweka mguu wa nyuma kama nilivyofundishwa, angalau nisimame vizuri.

"Daktari, naomba dakika tano."

"Sema."

Nikamwambia watu hawanipigii kelele kwa sababu nawapanga vibaya. Wanapiga kelele kwa sababu hakuna anayewaambia kitu, na mimi siwezi kuwaambia nisichokijua. Nikaomba kila asubuhi mtu mmoja kutoka ndani aje aseme mbele ya mabenchi, leo kuna huduma gani na ipi haipo, wanaotoka mbali wajue mapema. Na nikaomba nikikosea niitwe ndani, nisisemwe dirishani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Aliweka kalamu mezani. Nilikuwa sijawahi kumtazama kwa karibu. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyepata usingizi, na kwenye meza yake simu mbili zilikuwa zinatetemeka kwa zamu. Akazigeuza kifudifudi. "Hizi zinaanza saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Kila mmoja ana la kwake, na wote wanaanza na mimi." Kisha akauliza, "Mbona hukusema muda wote huu?"

Kwa haki, nami ningeweza kumuuliza yeye mbona hakuuliza. Nikaaga, nikarudi dirishani.

Kesho yake saa mbili alitoka mwenyewe. Alisalimia, akawaambia kipimo fulani hakipo hadi Alhamisi, akawaomba wazee na wajawazito wasogee mbele. Watu watano wakanyanyuka wakaenda zao bila kumtukana mtu. Siwezi kusema kelele zilikwisha. Zilipungua, na zilizobaki nilizibeba vizuri zaidi. Mlinzi wa getini nilimwambia siku hiyo hiyo, "Kaka, naomba uniite kwa jina langu." Akainamisha kichwa akasema, "Samahani, dada. Nilikuwa natania tu." Hakunitania tena, na wengine wakamfuata.

Yule kijana wa daftari alirudi baada ya wiki kadhaa. Alisimama pembeni ya dirisha mpaka wote wakahudumiwa. "Dada," alisema, "ile siku." Akashindwa kuendelea. Nikamuuliza hali ya mama yake. Akasema ameinuka, anakwenda shamba mwenyewe. Nikamwambia anisalimie, na nilimaanisha.

Tuliishi kwa wazee wale miaka minne. Kisha nikahamishiwa chini Nyasa, kwenye zahanati ya Lipingo. Barua ilipofika mama mwenye nyumba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaingia ndani kutoa shazia na magunia mawili mapya. Safari hii alishona mwanzo tu, kisha akanipa sindano. Nilishona kwa jioni tano, na palipolegea alifumua, nikarudia. Tulilisafirisha likiwa tupu, limekunjwa chini ya magodoro.

Kutoka Mbinga kushuka ziwani ni kama kubadili nchi. Masweta tuliyavua njiani, moja baada ya jingine. Huku watu wanaongea Kinyasa, wanakula mihogo na samaki, na upepo wa ziwa unaingia ndani ya nyumba bila hodi. Gunia nililijaza matambara na vipande vya nyavu chakavu nilivyopewa na wavuvi, nikalitundika uani nyuma ya nyumba. Majirani walishangaa mhudumu wa zahanati kuwa na kitu cha wapiganaji. Wakaanza kuja kuangalia. Wanawake wanaoanika dagaa walikuja wakicheka, wakapiga mara moja moja, wakaondoka wakitikisa mikono. Baadhi walirudi wakiwa peke yao, bila kicheko.

Hao niliwafunga vitambaa mikononi, nao wakimaliza nikawawekea chai na kuwasikiliza. Mmoja alikuja na jicho limefumba, amepigwa nyumbani. Yeye sikumpa gunia. Aliyehitaji gunia hakuwa yeye. Nilimpeleka kwa ofisa ustawi wa jamii, nikakaa naye kwenye benchi mpaka alipoitwa, na siku nyingine tena, na nyingine, hadi alipopata pa kukaa na watoto wake. Ujasiri wa kumsindikiza sikuzaliwa nao. Nilifundishwa kwenye mkeka, juu ya ungo wa maharage.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya kahawa, wazee walishuka kutusalimia. Mzee siku hizi anatembelea mkongojo. Mama alikuwa ameishi maisha yake yote karibu na ziwa hili na hakuwahi kulikanyaga. Shamba, watoto, kigango, siku zikapita. Alivua viatu ufukweni, akavishika mkononi, akasimama mahali maji yanapofika na kurudi. Binti yangu, ambaye sasa yuko sekondari na amenipita kimo, alimshika kiwiko.

"Yana chumvi?" mama aliuliza.

"Hapana, bibi. Matamu. Onja."

Akainama, akachota kwa kiganja, akanywa, akamwita mumewe kwa Kimatengo. Mzee akajibu kitu kutoka kwenye kivuli alipokuwa ameketi, na wote wawili wakacheka.

Mchana niliwapikia ugali na mbasa, samaki wa ziwa hili. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi kuwaambia maneno fulani, nimeyapanga kabisa kichwani. Tulipokwisha kunawa nikaanza. "Baba, mama, mimi nilifika kwenu nikiwa mtu ambaye…" Na hapo maneno yote niliyoyapanga yakanipotea.

Walisubiri. Hakuna aliyenisaidia wala kunikatiza.

"Ahsanteni," nikasema.

"Haya," mama alijibu, akanipigapiga goti. Akaisogeza sahani ya samaki karibu yake, akamchagulia mumewe kipande kisicho na miiba, kisha akataka nimweleze huyu samaki anakaangwa kwanza au anachemshwa moja kwa moja, maana alitaka kumpeleka mmoja Mbinga.